Kipimajoto Kibovu cha Ketrina

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Ketrina wa Igamba, mama wa vifaranga. Alitutoka mwezi uliopita. Aliyetusimulia ni wifi yake Ikupa, dada wa mume wake. Ikupa hakuficha kitu. Alisema, "Semeni tu. Nilikuwa namwonea wivu."

Na wivu wenyewe haukuwa mdogo. Ketrina akiweka mayai mia kwenye mashine ya kutotolea, vifaranga tisini wanatoka. Mama mzazi wa Ikupa akitaka kuku, anapita mlango wa binti yake, anaenda kwa mkwe. Ikupa anamwona hivihivi, roho inamuuma. Akataka jambo moja tu: amshinde Ketrina, hata mara moja.

Akatengenezesha mashine yake. Wakaenda Tunduma pamoja, wakanunua vipimajoto viwili vya kioo. Kurudi, wakavijaribu kwenye maji yanayochemka. Kimoja kikasoma tisini na tano. Kingine mia.

Ikupa akakidaka cha mia. "Maji yanachemka kwa mia, wifi. Hata darasani tulifundishwa."

"Huko pwani, sawa," Ketrina akamjibu. "Sisi tuko mlimani. Huku yanachemka kabla ya mia. Ngoja tupate barafu, hiyo ikiyeyuka ni sifuri popote, tuvipime tena."

Ikupa akawaza, huyu anakitaka kizuri. Akaondoka nacho.

Wasikilizaji, mayai ya kuku kwenye mashine yanataka nyuzi thelathini na saba na nusu. Ikupa akaweka hivyohivyo, thelathini na saba na nusu. Siku ya ishirini na moja, kimya. Siku ya ishirini na tatu akapasua mayai yote sitini. Hakuna kifaranga hata mmoja.

Akaenda kwa Ketrina amefura. "Umekiroga kipimajoto changu."

"Ningeroga kioo mimi, si ningeroga kwanza hawa panya wa ghalani?"

Ketrina akatafuta barafu kwa muuza soda, akaiponda, akavichomeka vyote viwili. Chake kikashuka mpaka sifuri. Cha Ikupa kikagoma kwenye tano. Yaani kilikuwa kinaongeza tano. Mayai yale yalilala baridi siku zote.

"Chukua changu," Ketrina akasema.

Kile kibovu akabaki nacho yeye. Akabandika karatasi kwenye mashine: TOA TANO. Akawa anaacha kisome arobaini na mbili na nusu. Na vifaranga tisini wakatoka vilevile.

"Hapo ndipo wivu ulipozidi," anasema Ikupa. "Angekosa hata mara moja, ningepona."

Ketrina aliugua ghafla. Alifariki mayai yakiwa na siku kumi na nane kwenye mashine. Emanueli, mume wake, akamwambia Ikupa, "Dada, mimi siwezi hata kuigusa hiyo mashine. Yaangalie wewe." Ikupa akayaangalia, macho kwenye ile karatasi. Kesho yake baada ya mazishi, wakatoka tisini na nne. Kwa Ikupa, hata kwa kile kipimajoto kizuri, hawajawahi kupita themanini kwa mia.

Akakaa chini, vifaranga wamejaa kwenye kitenge chake. "Wifi," akasema, "hata leo umenishinda."

Pole kaka Emanueli. Poleni watoto. Na pole sana, Ikupa. Wewe unayetusikiliza, yule unayemwonea wivu bado yupo? Mpitie leo. Muulize anafanyaje, na akikwambia subiri barafu, subiri.