Mkunga wa Kisima cha Nyangamara katika Maisha ya Marehemu Klementi Sebastiani

Baba Padri, wazee wetu, na ninyi nyote mliotoka Mitwero na mliotoka milimani, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Ninayesimama hapa ni Evaristo Kondo, kaka wa mjane, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya shemeji yangu Klementi, nami naomba mnivumilie, maana kuna mahali katika maisha haya ambapo sisi wenyewe wa nyumbani tumechanganyikiwa, na tangu juzi tumechanganyikiwa zaidi.

Marehemu alizaliwa Mitwero, pembeni ya mji wa Lindi, tarehe 14 Machi 1921, mtoto wa pili wa Mzee Sebastiani, kibarua wa shamba la mkonge, na Mama Valeria, akabatizwa Pasaka ya mwaka ule ule, akasoma shule ya misheni kuanzia 1930 hadi 1934, akaishia darasa la nne, si kwa ujinga, hasha, ila kila maji yalipokupwa yeye alionekana pwani, na darasani lilibaki jina lake tu.

Huko pwani alipokelewa na jirani yao, Mzee Bakary, mvuvi wa madema, aliyemfundisha kusuka dema, kulitega penye mawe, na zaidi ya yote kumshika samaki mkunga, ambaye kwa tamaa yake huingia demani kula wenzake walionaswa, akashtukia naye kanaswa. Mtu hupaka mikono majivu, humbana nyuma ya kichwa, na meno yale hafanyi nayo utani. Klementi aliipenda nyama ya mkunga kuliko changu, kuliko hata nguru, akiibanika kwa moto wa makumbi ya nazi, na waliomwambia kwamba huyo ni nyoka wa baharini aliwajibu wasile basi, wasije wakampunguzia.

Mwaka 1946 aliajiriwa kazi ya barabara, kambi yao ikawa bara, mbali kidogo na kijiji chetu cha Nyangamara, wakinywa maji ya mapipa yaliyoletwa na lori, na ni hapo kambini, dada yangu Romana alipokwenda kuuza mihogo, walipoonana. Posa ililetwa, baba yetu Mzee Kondo akaipokea, na siku ya kijana kuja kujionyesha kwa wakwe ikawekwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1947.

Alitoka Lindi na kikapu cha samaki wa kuwapa wakwe, lori likaharibika njiani, samaki wakaoza, akawatupa porini huku akilia, kwa maneno yake mwenyewe, kama aliyefiwa. Mkono mtupu haulambwi, na mkwe mpya mwenye mkono mtupu heri asije kabisa. Akiwa katika hali hiyo, akapita kisimani kwetu kunawa vumbi, akachungulia, akamwona mkunga amejilaza chini, mnene, mrefu kupita mkono wa mtu mzima, akamshukuru Mungu kwa sauti.

Sasa, wageni mliopo hamjui, naye hakujua. Kisima kile kilikuwa na mkunga tangu enzi za mababu, mwanamke akifika kuteka hugonga kwanza mtungi kwa kata ili mwenyewe asogee, hakuna aliyemrushia jiwe, na wazee walisema maji yenye mkunga ni maji hai. Hakuna aliyemwonya kijana, kwani nani humweleza mgeni kwamba jua linatoka mashariki?

Alipata majivu kwenye shamba lililochomwa, akamvua, akampasua, akamfunga kwa majani ya mgomba, akaingia uani kwetu akitabasamu, akampa mama yetu, Bi Stefania, kwa mikono miwili. Mama alifunua jani, akafunika, akafunua tena, akauliza kwa sauti ndogo kitoweo hiki kimetoka wapi, naye akajibu kwa fahari kwamba ni cha hapa hapa, kisimani. Lahaula! Wanawake walijifunika kanga usoni, wengine wakapiga yowe, mmoja akasema ni samaki, mwingine akasema ni nyoka, shangazi yetu Kijakazi akasema awe samaki awe nyoka, alikuwa mwenyeji pale kabla yetu sote. Kumla hakuna aliyethubutu, kumtupa tuliogopa, basi tukamzika karibu na kisima, na mimi katekista nikaombwa kusali, nikasimama pale sijui nisali sala gani.

Baba alitoa neno moja, kwamba Romana hataolewa na mtu huyu mpaka kisima kiwe na mkunga, akaingia ndani, akafunga mlango. Mvua za mwaka ule zilichelewa, kisima kikashuka hadi tope, na kama ni kwa sababu ya mkunga au ni kiangazi tu, hakuna aliyejua, lakini wanawake waliokwenda kuteka maji mbali walimpita Romana bila salamu, na dada yangu alikonda mpaka nikamhurumia.

Oktoba, Klementi akaja na debe la maji ya chumvi ndani ya lori, mkunga wa baharini akiwa hai ndani yake, akammimina kisimani mbele ya wazee, na kesho yake tukamkuta anaelea. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, tukazika tena. Mzee Bakary alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, akamwambia wa chumvi na wa mtoni ni binamu tu, hawalali kitanda kimoja, aende mto Lukuledi.

Akaenda, akatega, akampata mdogo, mwembamba, na kwa kuogopa mitikisiko ya lori akaja kwa miguu na mtungi begani, uliofunikwa majani mabichi, akalala njiani, akafika kwetu tarehe 20 Desemba 1947 miguu imevimba. Romana alitumwa kumshikia mtungi alipokuwa akimimina, wazee wakisimama mbali. Baada ya hapo mkunga hakuonekana, mvua zilipokuja na maji yakajaa hakuonekana, baba akakataa kulegea, mpaka asubuhi moja ya mwezi Aprili Romana alirudi mbio kutoka kisimani, akaapa kwamba amekiona kichwa chake. Rafiki yake Moza alisema huenda ulikuwa mzizi. Baba akakubali kichwa.

Walifunga ndoa tarehe 19 Juni 1948, wakajaliwa watoto wawili, Valeria mwaka 1950 na Sebastiani mwaka 1953, marehemu akahamia huku kwetu, akalima, na jambo lililotushangaza ni kwamba alikwenda kuteka maji mwenyewe kila asubuhi, mwanamume mzima, akikaa pale akichungulia, wanaume wenzake wakamcheka, naye hakujali.

Septemba mwaka huu wa 1958 alianza kukohoa, akapelekwa hospitali ya misheni, na Jumamosi, tarehe mosi Novemba, akamwambia mkewe jambo ambalo Romana ametusimulia juzi, na ameagiza lisomwe. Alisema kwamba asubuhi ile ya Desemba njiani alifunua mtungi akakuta maji matupu, mkunga ametoroka, akaona haya kurudi na akaona haya kufika, akafika na maji. Kwa hiyo Romana alipoapa ameona kichwa, yeye aliamini Mungu ameleta mkunga wake mwenyewe, na miaka yote ile alikwenda pale kumtafuta ili amshukuru. Siri ya mtungi muulize kata. Romana akamjibu kwamba alijua tangu siku ile, maana yeye ndiye aliyeushika mtungi, aliona maji na majani tu, na kichwa hakukiona kamwe. Marehemu alicheka, kikohozi kikamshika, akacheka tena. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Novemba.

Nilipomweleza mama yetu, alisema wote wawili ni watoto, kwani yeye mkunga anamwona, jana tu akiteka maji yenu ya msiba amemwona, na sasa ni mnene. Kijakazi anasema ni kweli, Moza anasema ni mzizi. Tulimwendea baba kumuuliza kama neno lake la mwaka 1947 limevunjwa, kwa kuwa wako waliotaka maiti irudishwe Mitwero. Mzee Kondo alichukua jembe, akatuonyesha mahali kando ya kaburi la baba yake mwenyewe, akaanza kuchimba, na uzee wake wote ule, mpaka tukamnyang'anya.

Familia inamshukuru daktari na masista waliomuuguza, vijana wa kikosi cha barabara waliotuletea mbao za jeneza, majirani waliopika, na Mzee Bakary aliyesafiri na macho yake mabovu. Shemeji Klementi, lala pema, upumzike kwa amani. Mkeo anasema, ingerudi siku ile, angeapa tena ameona.