Mzee Halfani Anarudisha Baragumu

Ijumaa hii, tarehe 6 Machi 1914, Mzee Halfani bin Hasani anarudisha baragumu barazani baada ya miaka kumi na minane ya kupiga mbiu. Alianza enzi za misafara, kabla ya reli kuuzaa mji wetu huu wa stesheni kati ya Gulwe na Dodoma. Sisi tuliofanya naye kazi katika baraza la akida, mkubwa wa serikali hapa mjini, tunamuaga kwa heshima, na heshima haituruhusu kuficha mambo.

Alizaliwa milimani Kondoa. Lugha ya Kigogo alijifunzia hapa, kwa kukosea hadharani. Watu walicheka, akacheka nao, akarudia upya. Kila tangazo alilifungua hivi: "Hili si langu, ni la baraza." Kwa hiyo hata amri mbaya ilipotoka, hakuna aliyemchukia mpiga mbiu.

Mara moja tu alivuka mpaka huo, miaka mitatu iliyopita.

Wajenzi wa reli walipohamia magharibi waliacha mbwa wao. Mbwa hao walijazana machinjioni, wakazaana, wakaanza kuwazuia watu njia ya kisimani. Tulilalamika. Akida akasema mbwa ni wa reli. Watu wa reli wakasema mbwa anayekula mifupa ya mji ni wa mji. Walikuwa bado wanasukumiana mbwa hao wakati Tereza, binti wa mfugaji Matonya, alipong'atwa paja. Mpaka leo anachechemea. Ndipo agizo likatoka: mbwa wanaozurura wauawe, na kila mwenye mbwa amfunge wake.

Wagogo hawafungi mbwa. Mbwa wao hulala wazi mlangoni pa zizi, kwa kuwa fisi hamwogopi mbwa wa kambani. Watu walikataa. Halfani, aliyemwona Tereza akibebwa, akaongeza maneno ambayo hakutumwa: "Mbwa aliyefungwa hataguswa. Na hili ni langu." Mji mzima ukafunga mbwa.

Sasa tuseme lililotokea, maana wapo wanaotaka lisahaulike. Askari walitakiwa kuleta mikia barazani iwe ushahidi. Mbwa wa machinjioni waliposikia risasi ya kwanza walitokomea korongoni. Waliobaki ni waliofungwa, na mkia ni mkia. Mikia ikarundikwa mbele ya akida, naye akatangaza kwamba mji umesafishwa. Wiki haikuisha, mbwa koko wakawa wamerudi machinjioni, na fisi wakaingia zizini kwa Matonya, wakamaliza mbuzi.

Matonya hakwenda barazani. Alikwenda kwa Halfani.

"Akida sikumwamini, ndugu yangu," alimwambia. "Nilikuamini wewe."

Halfani akasimama barazani, akamwambia akida mbele ya watu kwamba amefanywa mwongo. Kwa hilo alichapwa viboko. Alipoweza kutembea alikwenda kwao Kondoa, akarudi na tenga la watoto wa mbwa kichwani, na akaendelea kwenda kila baada ya mavuno mpaka kila nyumba iliyopotelewa na mbwa ikapata mwingine. Mchinjaji Zaidi, anayeswali naye safu moja, alimtania kwamba Mwislamu mzima amegeuka mama wa mbwa, na kwa kujitwaharisha najisi ya mbwa kwa maji na udongo ataumaliza udongo wa mji. Halfani alimjibu, "Mikono ina maji na udongo. Neno langu nilioshe kwa kitu gani?"

Mwezi uliopita agizo lilelile lilitoka tena. Halfani alipiga baragumu sokoni, akasema si lake, ni la baraza, akalitangaza mpaka mwisho. Watu hawakuondoka. Matonya alikuwa mbele, akingoja pamoja nao neno la Halfani mwenyewe. Halfani aliwatazama, akalitia baragumu kwapani, akaenda zake.

Askari walipopita hawakukuta mbwa hata mmoja kambani. Wote walikuwa malishoni na mifugo, mbali na mji. Mbwa koko bado wako machinjioni, na wakubwa bado wanasukumiana. Anayetafuta kazi ya kufanya na aanzie hapo.

Mzee Halfani, ahsante kwa sauti yako, na ahsante zaidi kwa siku ile uliyonyamaza. Rudi Kondoa kwa amani, ule mavuno yako ukiwa na afya, na pasiwe na mtu wa kukutuma tena.

Hili si la baraza. Ni letu.