Syokau wa Ndunda, Mwigizaji Aliyesemewa

Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Ndithini na Masinga, walimu, waigizaji na waandishi mliofika kutoka Machakos, Nairobi na kwingineko, familia ya marehemu Mzee Ndunda pamoja na familia ya Mwalimu Jeremiah Muema zinawaomba mlioko juani msogee ndani ya hema, mkae, tuwasomee maisha ya Beatrice Syokau jinsi yalivyokuwa, kwa tarehe zake na mahali pake, maana yeye mwenyewe hakupenda jambo lisemwe nusu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 hapa Ndithini, mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Ndunda, mkulima na mfugaji wa mbuzi, na Mama Mumbua, msusi wa vyondo, akapewa jina la nyanya yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo baba yake hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita Mwaitu, yaani mama, hata alipokuwa akimkemea. Mwaka wa 1979 baba mdogo wa marehemu, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, alifiwa na mkewe, akamleta nyumbani binti yake wa pekee, Mwongeli, aliyekuwa na umri wa miaka minane kama Syokau, na Mama Mumbua akampokea, akawalaza wasichana hao kitanda kimoja, akawachapa kwa fimbo moja. Kwa desturi yetu watoto wa ndugu wawili ni ndugu, kwa hivyo tukisema dada yake katika historia hii tunamaanisha Mwongeli, ambaye yuko nasi hapa leo. Mwongeli alikuja na Kiswahili cha pwani, kimenyooka kama uzi, Syokau alikuwa na Kiswahili cha Ndithini, kile cha kusema l mahali pa r, na wenzao shuleni walipomcheka Syokau, Mwongeli ndiye aliyewafukuza kwa mawe mpaka mtoni.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1985, akaendelea na masomo ya sekondari katika shule ya wasichana huko Yatta kuanzia 1986 hadi 1989, ambako aliigiza katika mashindano ya maigizo ya shule hadi ngazi ya mkoa, kisha akasomea ualimu mjini Machakos, akahitimu mwaka wa 1993. Januari 1994 alianza kufundisha Kithimani, na kila likizo alijiunga na kikundi cha waigizaji kilichozunguka shule za sekondari kikiigiza vitabu vya kutahiniwa, jukwaa likiwa ni meza za bwalo zilizosukumwa pamoja na pazia likiwa ni shuka ya bweni, na wanafunzi wa miaka hiyo, ambao baadhi yao ni wazazi hapa leo, wanakumbuka kwamba alipolia jukwaani hata wapishi walitoka jikoni kutazama.

Tarehe 17 Aprili 1999 alifunga ndoa na Mwalimu Jeremiah Muema katika Kanisa Katoliki, Kithimani, msimamizi wake akiwa Mwongeli, na Mungu akawajalia mtoto wa kiume mwezi wa Januari 2000, aliyeishi wiki tatu tu, akazikwa hapa nyumbani, kisha wakampata Musili mwaka wa 2001, na Kasyoka, anayewasomea, mwaka wa 2003. Katika miaka hiyo alionekana kwenye televisheni mara kadhaa, muuguzi, mama mboga, shahidi mahakamani, mtu wa maneno matatu halafu anapita, na Mwalimu Jeremiah alikuwa akiwaambia walimu wenzake, “Mkipepesa macho mmemkosa bibi yangu.”

Machi 2004 mwongozaji mmoja kijana kutoka Nairobi, aitwaye Wesley, alikuja Kithimani akitafuta mwanamke wa kuigiza mhusika mkuu wa filamu yake, Maji ya Kuazima, iliyohusu mjane ambaye shamba lake linamezwa na maji ya bwawa, naye anakataa kuhama kwa sababu ya kaburi la mtoto wake. Wesley aliwasikiliza wengi, akamchagua Syokau, na kati ya Juni na Julai walipiga picha kando ya maji ya Masinga, na siku ya onyesho la kaburini, marehemu, ambaye hakuhitaji kufundishwa kilio hicho, alilia hivi kwamba wapiga picha waliinamisha vichwa na Wesley akasahau kusema wakate.

Baada ya kazi hiyo kwisha, dada yake Mwongeli, aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni na kusoma matangazo kanisani, alianza kumtembelea kila Jumapili alasiri, naye akawa anamwomba arudie maneno ya filamu. “Hebu sema tena yale ya kaburini,” angesema. “Wewe nawe! Ya nini?” “Napenda tu. Hapo kwa kulia, unavuta pumzi mbele ama nyuma?” Syokau alimwonyesha, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, akicheka kwamba Mwongeli ameingiwa na wazimu wa filamu uzeeni, naye hakumficha kitu, wala hakuona sababu ya kumficha.

Jumamosi tarehe 6 Agosti 2005 filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huku kwetu, katika ukumbi mmoja hapo Kithimani, na familia nzima ilishuka kutoka Ndithini ikiwa imevaa nguo za Krismasi, isipokuwa Mwongeli, aliyetuma ujumbe kwamba homa imemkaba koo. Mama Mumbua, ambaye alikuwa amepoteza uwezo wa kuona miaka mitatu kabla ya hapo, aliketishwa mstari wa mbele karibu na spika, kwa kuwa yeye angetazama kwa masikio. Taa zikazimwa, Syokau akatokea kwenye kitambaa cheupe akiwa na jembe begani, ukumbi ukapiga vigelegele, kisha akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa tamu, imenyooka, haikuwa na Ndithini hata kidogo.

Syokau alidhani ni mitambo. Watu walidhani ndivyo filamu zilivyo. Lakini Mama Mumbua aligeuka huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, “Syokau ako wapi? Mimi namsikia Mwongeli tu.” Watu wakacheka, na jirani mmoja akamshika mkono akisema, “Mwaitu, si huyo ndiye anaongea! Tulia utazame sinema.” Mama akamjibu, “Kilichokufa ni macho. Masikio ni yangu. Huyo nimemlea, ni Mwongeli.” Hapo ndipo marehemu alipojua. Hakutoka ukumbini, alikaa mpaka onyesho la kaburini, akajiona amepiga magoti, mdomo wake ukiwa wazi na machozi yake yakishuka, na kilio kikawa cha mwingine, kimevuta pumzi pale pale alipomfundisha.

Kesho yake, Jumapili, alikwenda kwa Mwongeli badala ya Mwongeli kuja kwake, na maneno waliyosemezana aliyasimulia mara nyingi bila kuyabadilisha. “Wesley alisema wanunuzi wa nje hawataki lafudhi,” Mwongeli alisema, “wakaniita studio Nairobi. Nilidhani amekuambia.” “Ulidhani. Na homa ya jana, uliidhani pia?” “Syokau, kama si mimi wangechukua mtu wa nje, mtu hata hakujui. Mimi nilikusaidia.” “Afadhali wa nje,” marehemu akamwambia, “wa nje angenipata wapi kila Jumapili nimfundishe?” Wesley kwa upande wake alimwonyesha kipengele cha mkataba kilichomruhusu, akamwambia kuingiza sauti upya ni jambo la kawaida katika kazi hiyo, na ni kweli lilikuwa limeandikwa, lakini jina la Mwongeli halikuandikwa popote kwenye filamu, kwa ombi la Mwongeli mwenyewe.

Filamu hiyo ilisafiri kuliko mtu yeyote wa ukoo huu. Novemba 2006 marehemu alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha moja jijini Nairobi, akapanda jukwaani, akatoa shukrani kwa Kiswahili chake cha Ndithini, na ukumbi ukaangua kicheko, watu wakidhani anaigiza mtu wa mashambani ili awachekeshe. Tangu siku hiyo hakupewa tena kazi ya kuliza watu, alipewa yaya na mke wa mlinzi, kwa masharti kwamba ile l aitie nguvu zaidi, naye akaifanya kazi hiyo kwa miaka miwili kwa kuwa watoto walikuwa wanasoma, kisha mwaka wa 2009 akaiacha skrini, hakuaga mtu, na hakurudi. Sokoni watu waliendelea kumwita kwa jina la yule mjane na kumtupia maneno ya filamu, naye aliwajibu kwa adabu, lakini akifika nyumbani alikaa na mkoba wake mapajani muda mrefu kabla ya kuvua viatu.

Alianza kuandika alfajiri kabla ya kwenda shuleni, na mwaka wa 2012 riwaya yake ya kwanza, Mkono wa Mashahidi, ilichapishwa Nairobi, ikafuatwa na mikusanyiko miwili ya hadithi na vitabu vinne vya watoto. Mhariri wake alimlaumu kwamba wahusika wake wote wanaongea sana, akamjibu, “Waache waongee, mimi najua kwa nini.” Mwaka wa 2016 kituo kimoja cha redio kilipotaka kusoma riwaya hiyo hewani, kilimtafutia msomaji wa sauti nzuri, naye akakataa, akaenda kuisoma mwenyewe sura kwa sura, kwa Kiswahili cha Ndithini, wengine wakapiga simu kucheka na wengine wakapiga kuuliza sura ya pili ni lini. Mama Mumbua, aliyefariki mwaka uliofuata, aliisikia yote akiwa jikoni, na siku ya kwanza alisema tu, “Huyo sasa ndiye,” akaomba redio isogezwe.

Ugonjwa wa figo ulianza kumsumbua Mei 2023, akatibiwa mjini Machakos, na kuanzia Februari 2024 akawa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Ni haki isemwe kwamba Mwongeli, bila kuitwa, alifunga kibanda chake na kumpeleka hospitalini wiki baada ya wiki, akamwogesha, akamlisha, na marehemu hakumfukuza. Aprili mwaka huu Mwongeli alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuomba msamaha kwa maneno marefu mazuri, marehemu akamgusa bega akamwambia, “Dada, umenisemea vya kutosha. Nyamaza kidogo, niugue mwenyewe.”

Historia hii iliandikwa akiwa hai, kwa amri yake, na akasomewa. Alifuta mahali palipoandikwa kwamba alipendwa na wote. Tena tulikuwa tumeandika kwamba alimsamehe dada yake, kwa kuwa tuliona hivyo ndivyo inavyofaa kusomwa mbele ya kaburi, naye akasema, “Hapo toa. Bado niko njiani.” Tulingoja aturuhusu tuirudishe. Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Juni 2025 alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, kwa hivyo sentensi hiyo haimo.

Ratiba mliyogawiwa getini ina makosa mawili ya kamati, ambayo familia inayasahihisha. Kipande cha filamu kilichoahidiwa hakitaonyeshwa. Na pale palipoandikwa neno kutoka kwa dada, hapatakuwa na neno, Mwongeli atakaa nasi mstari wa mbele katika sare aliyotushonea yeye mwenyewe, atatupa udongo kama sisi wengine, lakini kipaza sauti hatapewa, na tunawaomba mtu yeyote asimsukume wala asimcheke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliobeba maji na kuni wiki hii, walimu wa Kithimani, waigizaji wenzake wa zamani, mchapishaji wake, na Mwongeli kwa miezi yote ya hospitali.

Pumzika kwa amani, Mwaitu wa Ndunda, na ile njia uliyokuwa ukiiendea, hatutakumalizia sisi.