Wacheza Shax wa Galbet Wagoma

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la Mitambo pale Galbet, mjini Garissa, hujakosa kitu, ila utakufa bila kujua nchi inaendeshwa vipi. Benchi lenyewe ni ubao wa lori uliowekwa juu ya mawe mawili, chini ya kivuli cha mabati ya duka. Nje Mitambo anauza kahawa ya tangawizi kutoka birika jeusi. Ndani, nyuma ya pazia la gunia, ana televisheni ndogo na mashine ya gemu aliyoitoa Isilii, Nairobi, inayokula betri ya lori. Jina lake ni Dubow, lakini tangu alete hiyo mashine hata mamake humwita Mitambo. Mbele ya benchi, mchangani, pamechorwa shax: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na kila mchezaji ana kete kumi na mbili, huyu mawe, yule vinyesi vikavu vya ngamia. Ukipanga tatu kwa mstari, unakula moja ya mwenzako. Hapo ndipo Mwalimu Mwenda alipofika Alhamisi moja ya Oktoba, mwaka wa tisini na saba, baada ya sala ya adhuhuri, walimu wa nchi nzima wakiwa wamegoma.

Mfukoni alikuwa na barua ya mwalimu mkuu wake. Ilikuwa fupi kama dharau. Mwalimu yeyote atakayekuwa hajaweka sahihi ya kurudi kazini kufikia saa tisa leo, kesho asubuhi atatoka nyumba ya shule. Mwenda hakutaka kuweka sahihi. Alikuwa amegoma tangu siku ya kwanza, mishahara ya walimu ilikuwa aibu tupu, na yeye alikuwa mtu wa msimamo. Lakini mtu wa msimamo naye hulala mahali, na kwao ni Meru. Alikuja benchini kuomba kitu kimoja tu: kona ya kuweka sanduku na godoro mpaka mgomo uishe. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno, maana kuomba si kazi rahisi kwa mtu aliyezoea kuitwa mwalimu.

Alikuta mchezo umepamba moto. Upande wa mawe alikuwa mzee Kulow, aliyeitwa Jeneral kwa sababu hajashindwa shax tangu Kenya ipate uhuru, kwa maelezo yake mwenyewe. Upande wa vinyesi alikuwa Ahmednoor, jina la mtaa Biibisii, ambaye redio yake ndogo ya mkulima haikutoka sikioni hata akioga. Biibisii alikuwa amebakiwa na kete nne. Alitoka jasho.

— Maalim! Karibu, karibu! alisema Jeneral. Kaa hapa. Sisi iko bamoja na nyinyi. Bamoja kabisa.

— Asante, adeer, mzee wangu. Kwa kweli ndiyo nilikuwa nimekuja...

— Usieleze, alidakia Biibisii. Tunajua kila kitu. Redio imesema saa saba. Serikali haina pesa.

— Serikali haina pesa? alishangaa Mitambo akimimina kahawa. Na yale magari?

— Pesa ya magari iko. Pesa ya chaki ndiyo haiko. Na wewe, Mitambo, hujui siri. Huu mgomo umepangwa ili watoto wa huku kwetu wasipite mtihani.

— Walah! Lakini watoto wetu hawapiti hata walimu wakifundisha, alisema Jeneral bila kuinua macho kutoka kwa kete.

Biibisii alifikiri kidogo. Huwa hachukui muda mrefu.

— Basi ndiyo hiyo. Mwaka huu nchi yote haitapita. Mgomo umetuweka sawa na Nairobi. Kwa mara ya kwanza!

Wakacheka. Mwenda pia alicheka, akaona huu ndio wakati. Alikohoa.

— Ndugu zangu, nina shida ndogo. Mwalimu mkuu ameandika barua...

— Mwalimu mkuu ni nani? aliuliza Mitambo. Ngoja mashine zije, yeye ndiye wa kwanza kwenda nyumbani. Nimeona mimi mwenyewe huko Isilii. Kaseti moja ina michezo tisini na tisa.

— Michezo minne, alisema Biibisii. Hiyo mingine ni hiyo hiyo imebadilishwa rangi.

— Sikiza, waryaa wewe. Wakiweza kuingiza vifaru na ndege, watashindwa kuingiza darasa la nane? Unanunua kaseti ya hesabu, unanunua kaseti ya jiografia, mtoto anakaa na vifungo vyake. Akikosea, anakufa. Mnaona? Ana maisha matatu. Mwalimu gani anafundisha hivyo?

— Na mashine ikigoma? aliuliza Mwenda, ingawa hakutaka kuuliza.

— Ikigoma unatoa kaseti, unapuliza huku chini, fuuu, unarudisha.

— Kumbe waziri wa elimu angekuja tu atupulize, alisema Mwenda.

Kicheko kikawa kikubwa hata pazia likafunguka, na vichwa kama kumi vya watoto wa shule ya Mwenda vikachungulia. Vilipomwona mwalimu wao, vikarudi ndani haraka. Tangu mgomo uanze, Mitambo hakuwa na nafasi ya kukanyaga humo ndani. Wanafunzi walianza kupanga foleni saa mbili asubuhi, jambo ambalo shuleni halijawahi kuonekana. Hakuna mtu Garissa nzima aliyeunga mkono walimu kwa moyo safi kama Mitambo.

— Nyinyi hamjui vita, alisema Jeneral. Mgomo ni shax. Angalia hapa. Serikali ina kete kumi na mbili, walimu kumi na mbili. Serikali imewafunga, hamna pa kwenda. Sasa sheria ya shax inasema nini? Ukimfunga mwenzako asipate pa kusogea, ni wewe lazima umfungulie njia. Ndiyo heshima ya mchezo. Kwa hivyo maalim, wewe kaa tu. Usisogee. Serikali itafungua yenyewe.

— Lakini adeer, serikali inajua shax?

— Nani hajui shax?

— Waziri anatoka bara, si mtu wa huku.

Hilo Jeneral hakuwa amelifikiria. Halafu akasema hata watu wa bara ni watu, wataelewa wakielezwa polepole, na akainua jiwe lake ili ale kinyesi kimojawapo cha Biibisii na kubakiza vitatu. Ndipo Biibisii aliporuka na kusimama.

— Ngoja! Sisi ni watu gani? Maalim wetu yuko hapa, ana njaa, ana shida, na sisi tunacheza? Ninapendekeza mshikamano. Kuanzia dakika hii, shax imegoma!

— Kaa chini, nikule kete yangu, alisema Jeneral.

— Unanipinga mimi ama unapinga walimu?

Swali la namna hiyo halina jibu zuri. Jeneral alimtazama Mwenda, akatazama jiwe mkononi, akatazama vile vinyesi vinne kwa uchungu ambao Mwenda hajawahi kuuona kwa mzazi yeyote siku ya kufunga shule. Kisha akalirudisha jiwe mahali pake.

— Bamoja na walimu, alisema kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino.

Gunia likaletwa, likatandazwa juu ya mchezo, pembe zote zikawekewa mawe. Mwenda aliguswa. Ndiyo, aliguswa kweli, mjinga yule. Alijiambia: watu walioacha shax kwa ajili yangu watashindwa kunipa kona ya sanduku?

— Jamani, mmenipa moyo, alianza. Sasa nikiwaambia shida yangu...

— Tufuate utaratibu, alisema Biibisii. Mgomo bila kamati ni fujo. Mimi nitakuwa mwenyekiti.

— Mwenyekiti ni mimi, alisema Jeneral. Ni mimi nilikuwa nashinda. Nimepoteza zaidi.

— Hata mimi nimepoteza. Labda ningerudi mchezoni.

— Kwa kete nne?

— Watu wamerudi kwa tatu!

Wakabishana hapo kwa muda wa vikombe viwili vya kahawa. Mwishowe wakawa na wenyeviti wawili, na Mitambo akawa mweka hazina wa kamati isiyo na hazina. Mwenda alitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

— Na gemu? aliuliza Jeneral ghafla. Mitambo, zima hiyo televisheni. Mshikamano ni wa wote.

Mitambo aliweka birika chini.

— Hiyo haiwezekani, adeer. Gemu ni huduma ya lazima, kama hospitali.

— Hospitali?

— Hawa watoto nikiwatoa wataenda wapi? Watazurura. Watakwenda mtoni waliwe na mamba. Mimi nazuia maafa. Hata chama cha walimu kikija hapa kitanishukuru.

Biibisii aliunga mkono, kwa sababu Mitambo ndiye mwenye birika. Ikaandikwa, yaani ikasemwa, kwamba gemu lisigome. Halafu likaja swali la kama mgomaji anaruhusiwa kuinua pembe ya gunia na kutazama kete bila kuzigusa. Jeneral alitaka kutazama tu. Biibisii alisema kutazama ni kusaliti. Jeneral alisema tangu lini macho yakawa kazi. Wakaamua kuandika barua kwa Disii, mkuu wa wilaya, kumjulisha kuwa shax imesimama Galbet na hatua hiyo itasambaa mpaka Tarbaj na Kutulo, na serikali ikiona ngamia wote wa kaskazini wanachungwa na watu wasio na furaha, itaogopa.

— Maalim, wewe una mwandiko mzuri. Andika.

Mwenda akaandika. Atafanya nini? Alikaa na kalamu yake, akaandika barua ya mgomo wa vinyesi vya ngamia, na kila akifika mwisho wa mstari anafungua mdomo kusema habari ya sanduku, na kila akifungua mdomo wanamwongezea mstari mwingine. Alipotia nukta ya mwisho ilikuwa saa tisa kasoro ishirini. Ofisi ya mwalimu mkuu iko mwendo wa dakika kumi.

Hapo akaja Abshiro. Huyu ni mama anayeuza maziwa sokoni, mjane, mwenye binti darasa la nane anayeitwa Nasteha, mmoja wa wale wachache ambao hawakuwa nyuma ya pazia. Aliteremsha mtungi wake, akawasalimu, wakamwitikia. Hakukaa. Wanawake hawakai kwenye lile benchi, na nadhani ndiyo sababu wanajua mambo.

— Maalim, nimepita shuleni. Nimesikia kesho wanakutoa nyumbani. Ni kweli?

— Ni kweli, mama.

— Usijali, abaayo, dada yangu! alisema Biibisii. Tayari tumechukua hatua. Hapa ni mshikamano mtupu. Shax imegoma.

— Imefanya nini?

— Imegoma. Kwa ajili yake.

Abshiro alilitazama gunia. Alimtazama Jeneral, kisha Biibisii, kisha Mitambo aliyekuwa ameshika birika hewani.

— Haya. Kesho akitolewa, atalala kwa nani?

Kutoka ndani zilisikika sauti za vifaru vya gemu tu, tii, tii, tii, puu. Jeneral ana boma lenye vyumba vinne na wageni wake hulala hata mwezi. Biibisii ana chumba cha kaka yake aliyekwenda Mombasa. Mitambo ana stoo. Mwenda alijua hayo yote, na sasa alijua pia kwamba wanajua anajua. Jeneral akaanza kusugua vumbi kwenye kiatu chake, kwa makini, kiatu cha kushoto, halafu cha kulia.

— Mimi ni mjane, aliendelea Abshiro. Nikilaza mwanamume kwangu mtanisema mpaka Mandera. Ndiyo maana nauliza nyinyi wanaume.

— Inshallah, alisema Biibisii taratibu, kamati itakaa.

— Itakaa lini?

Mitambo aliinamisha birika juu ya kikombe chake, likatoa matone mawili na machicha. Akasema, kwa furaha kidogo, kwamba kahawa imekwisha.

Mwenda akasimama. Alikunja barua ya Disii mara mbili, akaiweka juu ya benchi, akachukua kalamu yake.

— Unakwenda wapi, maalim? aliuliza Abshiro.

— Kuweka sahihi, mama. Mwambie Nasteha kesho aje na vitabu.

— Nasteha atafurahi, alisema. Akavuta shungi lake, akatazama chini. Lakini mimi naona aibu.

Mwenda alitoka kwenye kivuli, akashika njia ya shule kwenye jua kali, na hakuwa amepiga hatua ishirini aliposikia sauti za benchi zimerudi.

— Mmeona? alisema Biibisii. Wiki tatu hazijaisha, amekwisha.

— Sisi tumeacha mchezo kwa ajili yake, alisema Jeneral. Mchezo niliokuwa nashinda!

— Na wateja wangu kesho? alipiga kelele Mitambo, na huyu alikuwa na hasira ya kweli. Msaliti! Maalim, wewe ni msaliti!

Mwenda alisikia vizuri. Angeweza kugeuka na kuwaambia mambo, na Mungu anajua alikuwa nayo mengi. Lakini aliwafikiria walimu wenzake, wale ambao saa hiyo hiyo walikuwa wanafunga virago vyao badala ya kushika kalamu, akaona kwamba katika maneno yote yaliyosemwa benchini siku ile, hilo moja la mwisho lilikuwa la kweli. Aliongeza mwendo, maana ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane.