Aliyerudi Kwenye Milango Ishirini na Sita

Mwaka 2005, shangazi yangu alipoanza kuja mtaani kwetu na begi la karatasi, jirani wa mlango wa pili alimnong'oneza mama kwamba mgeni huyo anawapima watoto akili ili wenye akili ndogo waondolewe darasani. Mama alicheka hadi akaangusha vibanio vya nguo. Alimwambia huyo ni wifi yake, mtu ambaye hata inzi humfungulia dirisha atoke. Jirani hakucheka. Naanza na uvumi huo kwa sababu, bila shangazi, marehemu wetu wa leo, kukusudia, ulikuja kuwa kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956, mtoto wa kwanza wa fundi bomba na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili yenye ngazi za saruji. Baba yangu, mdogo wake, anasimulia kwamba dada yake akiwa na miaka sita alimuuliza mpeleka barua mbona ana huzuni. Yule mzee akaweka mfuko chini, akakaa kwenye ngazi, akamweleza yote. Siku hiyo barua zilichelewa mtaa mzima. Kuanzia hapo wakamwita Maswali, na jina halikumtoka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1980 akahitimu saikolojia chuo kikuu. Sisi tulioishia darasa la saba alitueleza kwamba ni elimu ya kujua mtu anavyofikiri na anavyojisikia, na kwamba ugumu wake ni kuingia kwa mtu bila kumvunjia vyombo. Alifundisha chuoni hapo kuanzia 1981 hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na mpiga chapa aliyekuwa akimchapia fomu zake za maswali. Siku moja kijana huyo alimrudishia fomu ikiwa na majibu yote arobaini, ameyajaza mwenyewe, na chini ameandika, "Hakuna la arobaini na moja?" Shangazi alikwenda kumuuliza. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa nafika kwenye kazi aliyoifanya kwetu, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alitupima watoto thelathini na wawili, kwa picha za kukumbuka na namba za kuhesabu kinyumenyume. Majina yetu aliyaficha, kila mtoto akapewa namba. Mimi nilikuwa namba kumi na saba, nina miaka kumi na miwili. Alikuta tunasahau upesi kuliko watoto wa mitaa mingine, na akaeleza sababu kwa kurasa nne: mashine za kiwanda hazikutuacha tulale. Lakini mwanzoni mwa ripoti alitaja tulikoishi, na kiwanda cha sabuni ni kimoja tu. Gazeti lilichukua mstari mmoja, likaziacha kurasa nne. Haikupita wiki mbili, mwalimu mkuu akatuhamishia chumba cha mwisho, karibu na stoo ya madawati. Wenzetu walijiandaa na mtihani, sisi tulifuma vikapu. Mwaka uliofuata tuliokuwa darasa la saba hatukuandikishwa kabisa kwa mtihani.

Shangazi alikwenda kwa mwalimu mkuu. Alijibiwa kwa heshima zote, "Tumefuata utafiti wako, Daktari." Nilimwona kupitia dirisha. Alikaa kwenye ngazi za shule, begi mapajani, hakumuuliza mtu kitu.

Kisha akaanza milango, yote ishirini na sita, kwa miguu yake. Kila mlango alisema yaleyale: niliwaficha majina nikauacha mtaa wazi, kosa ni langu. Wengine walimfungia. Mlango wa tisa, kwa fundi cherehani, mama wa mapacha waliokuwa chumba cha mwisho, shangazi alitaka kusema akiwa amesimama.

"Ulipokuja kuuliza ulikaa," fundi alimwambia. "Na leo kaa. Maswali nauliza mimi."

Akamuuliza kweli. Umelala saa ngapi jana? Hesabu kutoka mia kurudi nyuma. Nani mjinga kwenu? Shangazi, mwalimu wa chuo kikuu, alijibu kila moja, na kwenye themanini na tatu akakosea. Fundi akamwekea chai. Fundi yupo hapa leo, na ameruhusu niyaseme.

Ofisi za elimu alikwenda mara kumi na tisa. Mwaka 2007 chumba cha mwisho kilifungwa na wadogo zetu wakarudi darasani. Sisi wakubwa tulikuwa tumeshapitwa, na hakuwahi kutudanganya kwamba hatujapitwa.

Tangu hapo hakuchapisha kitu kabla ya kuwasomea wenyewe aliowahoji, huku kalamu nyekundu iko mikononi mwao. Mwenzake wa chuoni alimtania kwamba sasa vitabu vyake vinasahihishwa na washona nguo. Mwaka 2011 wanawake aliowahoji kuhusu kupigwa na waume zao walimsikiliza, wakasema hata bila majina watajulikana. Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Aliwarudishia karatasi, kila mmoja na zake. Nilimsaidia kuzifunga kamba. Sijaona tena mtu akiachia kitu kikubwa kwa utulivu ule.

Januari 2021 alianza kuugua figo. Alifariki Jumatano, tarehe 3 Agosti 2022, saa moja asubuhi, mumewe amemshika mkono. Ameacha mume, binti muuguzi, mwana fundi umeme, wajukuu watatu, na mdogo wake mmoja, baba yangu. Ametuacha pia sisi thelathini na wawili. Mungu ampe usingizi ambao mashine hazikutupa sisi.

Wiki moja kabla, nilikaa kando ya kitanda chake nikimnyonyesha mwanangu.

"Watu wa chuo wataandika vizuri mno," alisema. "Andika wewe, mwanangu. Kosa langu liweke. Namba yako ukitaka itaje, usipotaka iache, ni yako. Ila nakuomba, kabla hujanisomea makaburini, chukua kalamu nyekundu upite milango yote uwasomee kwanza. Wakisema futa, futa, hata kama ni sifa zangu."