Migomba Yangu Msiitupe Kabla ya Mei

Gillian, acha huo mto, niko sawa. Keith, zima televisheni uje ukae hapa. Sikilizeni wanangu, maana daktari amesema zimebaki siku chache, na mimi sina malalamiko. Miaka themanini na minne nimekula, nimecheka, na nimeishi na mama yenu Beryl bila kurushiana sahani zaidi ya mara mbili. Nyumba iuzeni mgawane nusu kwa nusu, na saa ya ukutani aichukue anayeweza kuvumilia kelele zake. Hayo ni madogo. Kubwa ni banda la vioo, ninamohifadhi migomba yangu wakati wa baridi.

Mkiingia humo mwezi huu wa Januari mtadhani mmeingia chumba cha maiti. Ile migomba mitatu myekundu ya Kihabeshi, Keith, wewe mwenyewe uliing'oa Oktoba huku nikikupigia kelele kutoka kitini, tukaikata majani yote, tukaining'iniza kichwa chini wiki mbili mpaka maji ya moyoni yakatoka yote, na sasa imesimama kwenye magunia, mikavu kama visiki. Haijafa, kwa hiyo msiitupe. Ule wa Sikkim, wa milima ya India, wenye mistari, uko kwenye ndoo yake. Upeni kikombe kimoja cha maji kwa mwezi, basi. Wa Kijapani uko nje, umevikwa mabua, na huo ni mkaidi, hauhitaji huruma ya mtu. Washeni hita baridi ikishuka chini ya nyuzi tano, mzime ikifika nane, kwa sababu mgomba ukipashwa joto katika giza hili la majira ya baridi huamka kabla ya wakati, ukatoa jani jeupe lisilo na nguvu, kisha ukaoza. Gillian, wewe una huruma mno, hata paka wa nyumba hii hawezi tena kuruka uzio kwa jinsi unavyomlisha. Kaa mbali na kopo la kumwagilia.

Na siku ya mazishi mchungaji asije akasema Cyril Odling amelala kama migomba yake. Migomba ndiyo imelala. Mimi nitakuwa nimekufa.

Sasa, Keith yuko Leicester na wewe Gillian umeshaelezwa tabia yako, kwa hiyo mtaa huu mzima anayeweza kuivusha hadi Mei, baridi inapoisha, ni mmoja tu, Desmond Leake wa nyumba ya pili. Usinikunjie uso, Keith. Mimi ndiye niliyewafundisha kumnunia, na nilikosea.

Mnakumbuka majira ya baridi niliyolazwa kwa kifua, miaka tisa iliyopita, Desmond akanishikia ufunguo wa banda. Niliporudi Februari migomba yote myekundu ilikuwa imeoza, inanuka, Desmond akanizolea akaitupa, na kesho yake mimi nikasimama mbele ya chama cha bustani nikasema Desmond aliionea huruma akaimwagilia. Alivaa kofia yake akaondoka. Aprili nikapasua shina moja lililokuwa limesahauliwa bandani. Udongo wa mizizini ulikuwa mkavu kabisa. Uozo ulianzia juu, moyoni, kwa maji ambayo mimi sikuyatoa, kwa sababu Oktoba ile kifua kilinibana, nikaona uvivu kuining'iniza, nikaisimamisha wima hivyo hivyo. Nilijua tangu Aprili ile, nikanyamaza. Alikuja kumzika mama yenu akasimama nyuma kabisa, nami nikajifanya sikumwona. Niliona aibu, wanangu, na bado naiona.

Nenda kamwite, Keith. Sasa hivi, sauti ingalipo. Mwambie Cyril amekosa na anataka kulisema mwenyewe. Gillian, nipe maji... kidogo tu. Hayo yanatosha.

Ni yeye huyo? Ingia, Desmond. Umezeeka vibaya. Haya, cheka, najua mimi nimekushinda. Sikiliza, ile migomba hukuimwagilia. Ni mimi, sikuining'iniza... Nini? Unajua? Tangu lini? Ulipoizoa kuitupa, uliona? Miaka tisa, Desmond, na watu wa chama wanakusema, kwa nini hukunijibu? Eti siku ile ya chama nilikuwa nimetoka hospitali jana yake. Eti nilikuwa nimekonda.

Mmemsikia, wanangu. Msije mkamnunia tena mtu kwa maneno yangu, wala ya mwingine. Ufunguo mpeni. Banda lake, vioo vyake, migomba yake, na mkiuza nyumba avihamishie kwake. Na Mungu awatunze wote wawili... mpendane... mpigiane simu hata kama hamna la kusema. Mmenilea vizuri uzeeni. Nimeridhika.

Sioni vizuri. Mmempa kiti? Asisimame nyuma... hapa, karibu nami. Na chai, Gillian. Sukari anaweka... usimuulize, nakumbuka. Vijiko viwili.