Karatasi Safi ya Abdille

Tangu vita na waasi wa shifta vianze, malori ya Garissa yalisafiri kwa msafara wa askari. Ogle, mchuuzi wa mbuzi, aliketi juu ya magunia kati ya mama Kinsi na mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mahali pazuri pa kusikia yasiyomhusu.

"Maalim, nisomee mwalimu wa mwanangu alisemaje," Kinsi aliomba, akitoa insha aliyoichukua chuoni, ya marehemu mwanawe Abdille.

Mwalimu akaigeuzageuza. "Hakuandika kitu, mama. Wengi wetu humwita mwanafunzi na kumsahihisha kwa mdomo. Wino mwekundu unaumiza."

"Si vibaya. Kwetu ujumbe wa mdomo hufikishwa neno kwa neno. Lakini Abdille alipigwa risasi njiani akija nyumbani, kabla ya kunifikishia. Nitamuuliza aliyesema."

"Hatakumbuka. Wanafunzi ni wengi."

"Wallahi! Mtu anasahauje maneno yake mwenyewe? Wewe, yako unayakumbuka?"

Mwalimu aliigeuza tena insha. Ogle, anayekumbuka hadi sura za mbuzi aliowauza mwaka juzi, alimwonea haya.

"Basi soma wewe, uniambie kama kijana wangu alikuwa anajua."

Mwalimu alikuwa mstari wa tatu lori liliposimama kwenye kizuizi cha barabarani na askari kuamuru wote washuke. Kinsi hakuinuka.

"Ngoja," alimwambia askari. "Hajamaliza."